Kutoka Nairobi au Mombasa hadi Kwa Mkapa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na mashabiki wanaokwenda Dar kutazama mechi

Majibu haya ni ya shabiki wa Kenya anayetaka kuvuka mpaka Alhamisi usiku au Ijumaa, kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa Jumamosi, na kuwa nyumbani Jumapili usiku ili Jumatatu aende kazini. Safari hii inawezekana, na watu huifanya kila msimu. Inayowaharibikia wengi huharibika kabla hawajaondoka: tarehe haijathibitishwa, hati haitoshi, au tiketi ya mechi imeachwa inunuliwe getini.

Ni mechi gani inayostahili safari yote hiyo?

Dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, ndiyo ya kwanza. Kwenye ligi huchezwa mara mbili kwa msimu, na uwanja wenye viti 60,000 hujaa. Zinafuata mechi za nyumbani za klabu hizo katika Ligi ya Mabingwa na Kombe la Shirikisho la Afrika, hasa kuanzia hatua ya makundi, wageni wanapotoka Misri, Moroko, Algeria au Afrika Kusini. Mechi ya kawaida ya ligi dhidi ya timu ndogo mara nyingi huchezwa kwenye uwanja mwingine, kwa hiyo usidhani kwamba kila mechi "ya nyumbani" ya Simba au Yanga iko Kwa Mkapa. Soma jina la uwanja kwenye ratiba ya Bodi ya Ligi kabla ya jambo lingine lolote.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, ushauri wetu ni mechi ya CAF, yaani ya mashindano hayo ya klabu za Afrika, kuliko dabi. Shangwe ni ileile, nusu ya uwanja haiko dhidi yako, na tiketi hupatikana kwa urahisi zaidi.

Ninunue tiketi ya basi au ndege lini?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Mechi kubwa za Dar zimewahi kuahirishwa siku yenyewe, mashabiki wakiwa wameshasafiri. Tarehe 8 Mei 2021 dabi ilikuwa ianze saa 11:00 jioni. Siku hiyohiyo muda ukasogezwa hadi saa 1:00 usiku, Yanga wakapeleka timu kwa muda wa awali na kuondoka, na mechi ikachezwa Julai 3. Tarehe 8 Machi 2025 ilitokea tena: Simba walizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi usiku wa kuamkia mechi, wakatangaza kwamba hawachezi, na Bodi ya Ligi ikaahirisha. Dabi hiyo ilikuja kuchezwa Juni 25, zaidi ya miezi mitatu baadaye. Na mwezi Mei 2025, fainali ya marudiano ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na RS Berkane iliondolewa Kwa Mkapa siku chache kabla, kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea baada ya mvua, ikapelekwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar.

Kutokana na hayo, fuata utaratibu huu. Ratiba ikitoka, weka tarehe tu, usilipe. Nunua tiketi ya basi siku tano hadi saba kabla ya mechi, baada ya klabu mwenyeji kutangaza viingilio, kwa sababu bei zikishatangazwa, mara nyingi ina maana uwanja na muda vimeshakubaliwa. Kama unakwenda kwa ndege na huwezi kungoja hivyo, lipia tiketi inayoruhusu kubadilisha tarehe, hata ikiwa ghali kidogo. Chumba chukua kile ambacho unalipa ukifika.

Ratiba ya CAF inasema saa 16:00. Hiyo ni saa ngapi Dar?

Ratiba za CAF mara nyingi huandikwa kwa saa za GMT. Ongeza saa tatu: 16:00 ni 19:00, yaani saa 1:00 usiku. Kenya na Tanzania zinatumia saa zilezile. Kwenye tiketi ya basi ya Tanzania, "saa 12:00" huweza kuwa alfajiri au jioni, hivyo muulize wakala akuandikie asubuhi au usiku.

Kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka?

Hapana. Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho, lakini Tanzania inataka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na Uhamiaji. Kila msimu kuna watu wanaoshushwa Namanga na kurudi Nairobi kwa sababu hiyo. Pasipoti iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha na kurasa mbili tupu. Viza haihitajiki kwa raia wa Kenya.

Kama huna pasipoti na mechi ni wiki ijayo, omba hati ya muda katika ofisi ya Uhamiaji mjini kwako badala ya kuitegemea mpakani Ijumaa usiku. Usikubali bodaboda akupitishe njia ya panya. Kuingia ni rahisi, lakini ukikaguliwa barabarani au ukitaka kutoka huna muhuri wa kuingia, na hilo ni kosa la jinai linaloweza kukuletea faini na kuwekwa kizuizini.

Na kadi ya homa ya manjano?

Ichukue. Tanzania huidai kwa wasafiri kutoka nchi zenye ugonjwa huo, Kenya ikiwemo, na Namanga dirisha la afya ndilo la kwanza kabisa. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanja Alhamisi kwa safari ya Ijumaa hakusaidii. Tangu Julai 2016 cheti hicho kinadumu maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Asiye na kadi mpakani hujikuta akitafutiwa "msaada" na watu wasio na sare. Kataa, zungumza na afisa mwenyewe.

Njia ipi ni bora?

Kwa ndege Nairobi hadi Dar ni takriban saa moja na dakika 20. Utashukia jengo la tatu la Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, na kutoka hapo hadi Kwa Mkapa si mbali: Barabara ya Nyerere hadi makutano ya TAZARA, kisha Barabara ya Mandela. Ni njia ya mwenye fedha na asiye na siku ya ziada.

Basi la moja kwa moja kutoka Nairobi hupita Namanga, Arusha, Moshi, Korogwe na Chalinze. Jumla ni karibu kilomita 900. Hesabu saa 14 hadi 16 kama mpaka hauna foleni, na 18 kama upo nyuma ya mabasi mengine manne. Wengine hupenda kukata safari: basi dogo (shuttle) la asubuhi Nairobi hadi Arusha, saa tano hadi sita, kisha basi la Arusha hadi Dar. Faida yake ni kwamba basi la kwanza likichelewa, una mabasi mengi ya kuchagua Arusha. Hasara ni mizigo na kutafuta tiketi stendi ukiwa umechoka.

Kutoka Mombasa njia ni fupi: kilomita 100 na ushei hadi Lunga Lunga, kuvuka Horohoro, Tanga, halafu Dar. Ni zaidi ya kilomita 500, na basi huchukua saa tisa hadi kumi na moja. Mtu wa Nairobi aliye na siku moja zaidi anaweza kwenda Mombasa kwa treni ya SGR, akalala, akapanda basi la asubuhi. Mpaka wa Lunga Lunga huwa na watu wachache kuliko Namanga.

Kwa njia yoyote, panga kufika Dar siku moja kabla. Basi la Ijumaa usiku linalotarajiwa kufika Jumamosi saa 6:00 mchana kwa mechi ya saa 11:00 linaonekana sawa kwenye karatasi. Tairi moja likipasuka Same, umesikiliza kipindi cha kwanza redioni.

Pale Namanga mambo huendaje?

Namanga ni kituo cha pamoja cha forodha, kilichozinduliwa na marais wa nchi mbili Desemba 2018. Ukienda Tanzania unapita upande wa Kenya bila kugongewa, unashuka kwenye jengo la upande wa Tanzania, na humo ndani maafisa wa nchi zote mbili wamekaa karibu. Ukirudi, unamaliza yote upande wa Kenya. Mfuatano ni huu: kadi ya chanjo, Uhamiaji wa Kenya kugonga kutoka, Uhamiaji wa Tanzania kugonga kuingia pamoja na alama za vidole, kisha mizigo kwenye mashine.

Kabla hujashuka kwenye basi, piga picha namba ya usajili ya gari na uchukue namba ya simu ya konda. Siku za mechi kuna mabasi mengi ya rangi moja, na dereva anayewahi foleni huhamisha gari. Teremka na pasipoti, simu na fedha mkononi. Angalia muhuri kabla hujaondoka dirishani, tarehe isomeke. Wanaochelewesha basi zima mara nyingi ni wawili watatu waliokwenda kununua nyama choma.

Kuna kitu chochote cha kawaida Kenya ambacho ni kosa Tanzania?

Ndiyo, na cha kwanza ni miraa. Tanzania huiita mirungi na sheria inaihesabu dawa ya kulevya. Hata kifurushi kidogo cha kutafuna njiani kinaweza kukupeleka mahakamani badala ya uwanjani. Kagua mifuko ya koti na ya mkoba, pamoja na vijiti vilivyobaki safari iliyopita.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kama ilivyo Kenya. Usipige picha maafisa, vizuizi vya polisi wala kambi za jeshi.

Fedha nibebe namna gani?

Kwa miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 16 hadi 21 za Tanzania. Wabadilishaji wa mkononi pale Namanga hukutana nawe hata basi halijasimama. Wapo waaminifu, lakini mchezo wa noti kukunjwa ili ihesabike mara mbili ni wa zamani na bado unafanya kazi kwa mtu mwenye haraka. Badilisha kiasi kidogo cha chakula na usafiri wa siku ya kwanza ndani ya duka la fedha, kilichobaki badilisha Arusha au Dar.

Ukishaingia, lipa kwa shilingi za Tanzania tu. Kanuni za Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Mwenye gesti anayekudai dola anajiweka hatarini na kukuweka na wewe.

Usitegemee M-Pesa ya Safaricom kulipa moja kwa moja "lipa namba" ya Tanzania, yaani namba ya mfanyabiashara ya kupokelea malipo. Inaweza kutuma fedha kwa laini ya M-Pesa ya Vodacom Tanzania, huduma iliyopo tangu 2015. Kwa hiyo mwenyeji mmoja unayemwamini mwenye laini ya Vodacom anakupa njia ya akiba ukiibiwa pochi. Mjaribu kwa kiasi kidogo ukiwa bado nyumbani.

Ninunue laini ya Tanzania?

Kwa siku mbili si lazima, ila inarahisisha tiketi na usafiri wa kuitwa kwa simu. Usajili ni kwa pasipoti na alama za vidole, kwenye duka la kampuni ya simu. Laini inayouzwa barabarani "ikiwa tayari" imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Achana nayo.

Tiketi ya mechi inanunuliwaje?

Mfumo unaotumika Kwa Mkapa ni kadi ya N-Card. Unakuwa na kadi, tiketi inaingizwa ndani ya kadi hiyo, na getini unaigusisha kwenye mashine. Karatasi ya kuchana ya zamani sahau.

Mwenye laini ya Tanzania anaweza kulipia kwa simu kwa kufuata menyu ya mtandao wake, akaingiza namba ya kadi, akachagua mechi na jukwaa. Asiye na laini aende kwa wakala au kituo cha mauzo akiwa na fedha taslimu. Klabu mwenyeji hutangaza orodha ya vituo kwenye kurasa zake siku chache kabla. Kariakoo na maeneo ya karibu na uwanja hayakosi. Kila mtu awe na kadi yake, kwa sababu kadi moja huingiza mtu mmoja kwa mechi moja. Kundi la watu sita linalobeba kadi mbili litakwama.

Mambo matatu huwakwamisha wageni. La kwanza, kudhani kwamba salio kwenye kadi ni tiketi. Salio ni fedha tu, na usipochagua mechi na kupata ujumbe wa uthibitisho, geti halifunguki. La pili, kumwachia mwenyeji anunue "zote" kwa simu yake halafu asipatikane saa 9:00 alasiri. La tatu, kungoja siku ya mechi. Mitandao ya malipo huelemewa saa chache kabla ya dabi. Nunua Ijumaa, mara tu unapofika mjini.

Kama timu yako ya Kenya ndiyo mgeni wa mechi, wasiliana na klabu yako kwanza. Eneo la mashabiki wageni hupangwa kati ya klabu na klabu, na ukijinunulia tiketi ya mzunguko, yaani ya viti vya kawaida, utakaa katikati ya wenyeji.

Mlanguzi akiniuzia kadi nje ya uwanja?

Huwezi kujua kwa macho kama kadi ina tiketi. Kadi tupu na kadi yenye tiketi zinafanana, na zilizokwisha kutumika pia. Mpaka umsogelee wakala mwenye mashine akaisoma mbele yako, usitoe hata shilingi. Mlanguzi akikataa kwenda kwa wakala, umepata jibu.

Nikae jukwaa gani?

Viingilio hupangwa kwa VIP A, B na C, halafu mzunguko, na wakati mwingine viti vya rangi ya chungwa hupewa bei yao. Bei hubadilika kwa kila mechi. Mzunguko kwa kawaida huanzia shilingi elfu chache tu, na VIP A kwa mechi kubwa hupanda mara kadhaa ya hapo.

Mzunguko ndiko kwenye ngoma, nyimbo na watu waliosimama dakika 90. Kama umekuja kwa ajili ya moto huo, kaa huko, upande wa timu unayoiunga mkono. VIP C tunaipendekeza kwa anayetaka kuona mpira vizuri bila gharama kubwa: unaona mbinu zote za pande mbili na kutoka ni rahisi kidogo. Kwenye mechi ya saa 11:00 jioni, jua huzama upande wa magharibi na kuwapiga machoni walio mashariki karibu kipindi chote cha kwanza. Kofia yenye kivuli husaidia zaidi ya mwavuli, ambao askari watakunyang'anya.

Nilale wapi?

Kariakoo, Ilala, Chang'ombe na Temeke ndizo zilizo karibu. Gesti na lodge safi Kariakoo hupatikana kwa shilingi 30,000 hadi 60,000 kwa usiku, lakini wiki ya dabi vyumba vya bei hiyo huisha mapema kwa sababu mashabiki wa mikoani nao wanakuja. Sinza ina vyumba vingi na chakula usiku kucha, ila siku ya mechi foleni kati yake na Temeke ni ndefu. Usilale Mbezi kwa sababu tu basi limekushusha hapo. Uko zaidi ya kilomita 20 kutoka uwanjani.

Kutoka stendi ya Mbezi hadi Kwa Mkapa nafikaje?

Mabasi ya mikoani na nchi jirani huishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kwenye Barabara ya Morogoro. Kwanza nenda ulikopanga kulala, uache mzigo. Daladala hukufikisha Ubungo au Kariakoo kwa nauli ndogo. Ukiwa Ubungo, magari ya kuelekea Temeke na Mbagala hufuata Barabara ya Mandela kupitia Buguruni na TAZARA. Mwambie konda "Uwanja wa Taifa" au "Uhasibu". Jina jipya lilikuja 2020 baada ya kifo cha Rais mstaafu Mkapa, lakini makonda wengi bado wanaita Taifa. Kutoka Kariakoo ni kilomita nne hadi tano tu, unaweza kuchukua bajaji au kutembea na msururu wa mashabiki.

Miezi ya masika, Machi hadi Mei, mvua kubwa hujaza maji bonde la Jangwani na Barabara ya Morogoro hufungwa hapo. Ndiyo miezi ya robo fainali na nusu fainali za CAF. Mvua ikinyesha asubuhi, ondoka saa mbili mapema kuliko ulivyopanga na uzunguke kwa Mandela.

Niingie uwanjani saa ngapi?

Saa tatu kabla kwa dabi au mechi ya mtoano, saa mbili kwa nyingine. Tunalisema hili kwa uzito wote. Tarehe 28 Mei 2023, kwenye mechi ya kwanza kati ya mbili za fainali ya Kombe la Shirikisho, Yanga na USM Alger, watu walisongamana kuingia, mmoja akafariki na wengine kama 30 wakaumia. Hatari ya mageti iko kwenye saa ya mwisho, pale walio na tiketi na wasio nazo wanapokutana mbele ya mlango mmoja huku shangwe zikisikika ndani.

Ukikuta umati umeshikana getini, usijisukume katikati. Rudi nyuma, zunguka, tafuta geti lingine la jukwaa lako, hata kama utakosa dakika 20 za mchezo. Ukishanaswa kwenye msongamano, weka mikono kifuani kama bondia ili kifua kipate nafasi ya kupumua, kaa wima, sogea pembeni kwa mshazari kadiri watu wanavyoyumba, na usiiname kuokota simu.

Beba vitu vichache: kadi, pasipoti au nakala yake, simu, fedha kidogo. Chupa za vioo, za maji zenye mfuniko, fataki na fimbo za bendera huachwa nje. Kula na kunywa maji kabla. Chakula cha ndani ni kidogo na foleni yake ni ndefu.

Nivae nini?

Simba ni nyekundu na nyeupe, Yanga ni kijani na njano. Jezi ya Gor Mahia ni ya kijani, na ukikaa nayo upande wa Simba siku ya dabi, utaelezea asili yake mpaka koo likauke. Ivae upande wa Yanga au iache nyumbani. Asiye na upande avae bluu au nyeusi. Utani kati ya mashabiki ni mkali wa maneno na mara chache sana hugeuka ugomvi, mradi hujatukana mtu kwa mama yake.

Naweza kuja na mtoto?

Mechi ya CAF ya makundi, ndiyo, jukwaa la VIP. Dabi, subiri afike miaka 10 hivi. Mpakani mtoto awe na pasipoti yake, cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi asiyesafiri. Mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino.

Mechi ikiisha?

Kaa kitini dakika 20 hadi 30. Bajaji zilizo mlangoni hudai mara mbili au tatu ya bei, na magari ya kuitwa kwa simu hayafiki kwa sababu barabara zimejaa watu. Tembea na kundi hadi barabara kubwa mbali kidogo na uwanja, ndipo uite usafiri. Simu iwe mfuko wa mbele, usiitoe kujipiga picha kwenye umati wa kutokea: hapo ndipo simu nyingi huibiwa.

Basi la kurudi huondoka Mbezi alfajiri, hivyo kubaliana na dereva wa bajaji au teksi tangu jioni na uondoke mjini saa 10:00 usiku. Usikate tiketi ya basi la usiku uleule wa mechi. Ikiingia dakika za nyongeza na penalti, utachagua kati ya basi na penalti.

Gari langu mwenyewe je?

Linafaa kwa watu wanne wenye madereva wawili. Unahitaji kitabu asilia cha gari (au barua ya idhini kama gari si lako au lina mkopo), bima ya Yellow Card ya COMESA, kibali cha muda cha forodha na leseni. Kasi kwenye vijiji ni kilomita 50 kwa saa, na kati ya Arusha na Chalinze vijiji havina mwisho, na askari wa barabarani vilevile. Punguza kwenye kibao, si kwenye nyumba za kwanza. Faini lipia kwa namba ya malipo ya serikali, udai risiti. Siku ya mechi liache gari gesti.

Nitenge kiasi gani?

Kwa anayepanda basi kutoka Nairobi, tenga KSh 9,000 za nauli kwenda na kurudi, TSh 120,000 za vyumba usiku mbili, TSh 60,000 za chakula, TSh 40,000 za bajaji na daladala, na tiketi ya mechi kulingana na jukwaa. Halafu weka pembeni KSh 5,000 ambazo huzigusi. Hizo ni za siku ya ziada endapo mechi imesogezwa kwa saa 24 au basi limeharibika.

Wakihamishia mechi Zanzibar nikiwa tayari Dar?

Nenda bandarini mapema. Boti ya haraka huchukua kama saa mbili na hujaa siku hizo. Beba pasipoti, kwani utakaguliwa kuingia Unguja, na ulizia bima ya lazima ya wageni iliyoanza Oktoba 2024 kama inahusu uraia wako kabla ya kulipia boti. Amaan, iliyofunguliwa upya Desemba 2023, inachukua watu kama 15,000, robo ya Kwa Mkapa. Usivuke kabla hujahakikisha tiketi yako ya awali inakubalika kule.

Haya yote yatatumika AFCON 2027?

Septemba 2023 CAF ilizipa Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa pamoja wa mashindano hayo ya timu za taifa za Afrika. Mpaka, chanjo, fedha na barabara huenda vikabaki kama tulivyoeleza. Tiketi ndizo zinazoweza kuwa tofauti: za AFCON huenda zikauzwa kwa mfumo mwingine, kwa hiyo usinunue N-Card ukidhani lazima itakuingiza.

Nikipoteza pasipoti?

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, upate taarifa ya upotevu kwa maandishi, kisha Ubalozi wa Kenya Dar es Salaam kwa hati ya dharura ya kurudi. Ukiipoteza Jumamosi usiku, ujue ofisi hufunguliwa Jumatatu, kwa hiyo badilisha tiketi ya basi mara moja na umjulishe mwajiri. Picha ya ukurasa wa pasipoti na ya muhuri wa kuingia, iliyotumwa kwa mtu wa nyumbani kabla ya mechi, huharakisha kazi hiyo kuliko kitu kingine chochote.